Mota Nane kwa Nyumba Mbili

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na sita, naishi hapa Kamina katika mtaa wa watu wa reli, na nawaandikia nikiwa bado na hasira. Msingoje nilie kwa adabu. Binti yangu Numbi ana miaka minne. Mkono wake wa kushoto umebaki na vidole vitatu. Vile viwili vilichukuliwa na kitu nilichokijenga mimi mwenyewe, kwenye meza yangu ya kulia, kwa mikono yangu hii... Kwa hiyo nisikilizeni mpaka mwisho.

Nilisoma umeme. Darasani tulikuwa wasichana wawili tu, na nilipata diploma yangu bila kumbembeleza mwalimu yeyote. Kazi sikupata. Nikampata Ilunga, fundi wa redio na simu mwenye kibanda karibu na gare, pale treni inaposimama. Tulipendana juu ya redio mbovu! Nilimwonyesha waya uliokatika, yeye akaniangalia mimi badala ya waya. Numbi alipozaliwa, watu wakaanza kumwita Papa Numbi, na mimi Mama Numbi.

Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja: droni. Si vile vidude vya plastiki vya kuchezea sebuleni. Tulitaka droni kubwa, ya mita nzima kutoka ncha hadi ncha, yenye nguvu ya kubeba kamera ya kweli. Hakuna aliyetutuma. Wenzetu walizungumzia viwanja na mabati, sisi tulizungumzia mikono ya droni.

Na hapo njo, yaani ndipo, ugomvi ulipoanza. Chasi, yaani ile mifupa yote inayoshika mota, iwe ya mikono mingapi? Yeye alitaka minne. Mimi nilitaka sita.

"Mine iko mwepesi, bateri itakaa sana," alisema.

"Na mota moja ikikufa?"

"Haitakufa."

"Ikikufa, Papa Numbi?"

"Eh! Weye uliolewa na minyi ao na ile droni?"

Nilicheka, lakini sikukubali. Droni yetu ya mikono minne, mota moja ikizima, ingeanguka kama jiwe. Ya mikono sita, moja ikizima, zile tano zingeishikilia hata tuishushe polepole. Sisi tulitaka kuirusha kwenye ndoa na sikukuu za parokia, juu ya vichwa vya watu, juu ya watoto! Nikamwambia: kitu kisichojua kushuka, mimi sikipandishi. Baada ya wiki tatu za kununiana, akakubali sita.

Niliuza mashini yangu ya kushona. Nilichagua kila kipande mwenyewe. Mirija ya kaboni kwa mikono, ile minene isiyokunjwa, kwa sababu ile ya kukunjwa ina kifungo, na kifungo hulegea. Mapanga, yale yanayozunguka juu ya mota, ya kaboni pia, si ya plastiki. Na mota nane: sita za kazi, mbili za akiba. Vitu vilitoka Lubumbashi kwa treni, na mnaijua treni yetu, inafika siku inayotaka yenyewe. Kila kipande nilikipima kwenye mizani ya jirani yangu anayeuza samaki wakavu. Droni yetu ilinuka samaki wa Lualaba mwezi mzima! Lakini niliujua uzito wake wote. Nikiinyanyua, mkono wangu uliutambua kama unavyoutambua uzito wa Numbi.

Tuliijaribu uwanjani, mara nyingi. Siku moja nikamwambia azime mota moja kwa makusudi. Droni ikayumba, ikajikaza, ikashuka taratibu kama kuku anayeshuka mtini. Nililia kwa furaha, kweli nililia...

Kisha mama yangu akaugua, kule Luena. Nikamchukua Numbi, nikaenda kumuuguza mama. Wiki tano. Niliporudi, ndoa ya mdogo wake Ilunga ilikuwa imebaki siku mbili, na droni ilikuwa imefunikwa shuka. "Usiguse, iko tayari, isishike vumbi," akaniambia. Nami, mjinga, sikugusa!

Asubuhi ya ndoa, uani kwa wakwe, nikaiondoa ile shuka.

Mikono minne.

Kwenye matundu mawili ya pembeni, pale mikono mingine ilipokuwa, alikuwa amebandika skochi nyeusi, ule utepe wa kunata. Nikainyanyua. Ilikuwa nyepesi, na kamera kubwa ilikuwa imekwisha kufungwa! Mota nne zibebe mzigo niliouhesabia sita?

"Zingine ziko wapi?"

"Ziliungua. Nilijaribu, ziliungua."

"Nne? Na zile za akiba?"

Hakuniangalia. Nikafungua kinywa nimwambie: hii hairuki leo. Lakini mama mkwe alikuwa ametusikia. Akanijia na sahani ya mchele mkononi, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mama Numbi! Leo njo siku ya ndoa. Umeme yako uliisomea kule kwenu, hapa tunaoza mutoto. Wacha banaume bafanye kazi yabo!" Mashemeji wakacheka. Mmoja akaniita "Enjinia".

Nikanyamaza.

Someni tena hilo neno. Nilinyamaza! Nilikuwa na diploma, nilikuwa na hesabu zote kichwani, mkono wangu ulikuwa umenijulisha... nikanyamaza kwa sababu sikutaka kuonekana mke mjuaji mbele ya wakwe. Nikaenda kumvalisha Numbi gauni lake jeupe. Alikuwa katika watoto wa kumwaga maua mbele ya bibi harusi.

Tulikuwa tumemwarifu mkuu wa mtaa, watu walijua kuna kitu kitaruka. Droni ikapanda. Vigelegele! Simu zote juu! Bibi harusi akatoka, watoto mbele na vikapu vyao. Mimi sikutazama harusi, nilisikiliza. Ile sauti naijua. Ilikuwa nyembamba mno, inalia kama mtu anayebeba gunia lisilo la kimo chake. Ilunga alikuwa amesimama na telekomande ya kuiongozea, jasho likimtiririka.

Kisha sauti moja kati ya zile nne ikakatika.

"Ilunga!" Nilimwita kwa jina lake mbele ya wakwe wote, jambo ambalo mke wa kwetu hafanyi. "Ilunga, sogeza kule! Sogeza!"

Kusogeza nini? Haikuwa na kitu tena cha kusogezea. Ikalala upande, ikaanza kuzunguka. Nikakimbia, viatu vikabaki nyuma. Na watoto, Mungu wangu... watoto hawakukimbia! Walidhani inawajia kucheza. Walicheka, wakainua mikono juu kuipokea.

Numbi aliinua wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulishika kikapu.

Ya hapo siwaandikii. Nilimfunga mkono kwa kitambaa changu cha kichwa nikakimbia naye kwa pikipiki. Hospitali walifanya walichoweza. Vidole viwili havikurudi.

Siku ya tatu hospitalini, Odette, dada mdogo wa Ilunga, aliniletea uji. Akakaa kitandani, akaanza kulia kabla ya kusema lolote. "Yaya, dada yangu, unisamehe. Zile mota hazikuunguaka. Enda ule upande wa pili wa reli, nyumba ya mulango ya bleu. Uangalie pembeni ya televisheni."

Nikamwachia mtoto. Nikaenda saa sita mchana, na nguo zile zile zenye damu kavu.

Mlango ukafunguliwa na msichana wa umri wangu. Tumbo lake lilitangulia mlangoni, miezi saba hivi. Na pembeni ya televisheni, juu ya kitambaa cha kufuma, kama ua... droni. Mota nne. Mota zangu! Mikono miwili ya kaboni yangu. Miwili mingine, wasomaji, mtanisadiki? Ilikuwa fimbo za rido, za kutundikia pazia! Kitu kile kisingeruka hata siku moja. Kilikuwa pambo.

"Weye njo Mama Numbi," akasema. "Minyi Fifi. Ingia, kiti iko."

"Nani alikupa hii?"

"Papa wa mutoto." Akashika tumbo. "Nilimwambia: muke mukubwa iko na droni, minyi niko na nini? Akasema atagawanya. Alinambiaka asema weye ulikubali."

"Mimi? Nikubali?"

"Ata rangi ya waya aligawanya sawa," akasema, akaanza kuogopa uso wangu. "Akasema nyumba mbili hazipitane."

Hapo nikaelewa. Kwetu, mwanaume mwenye nyumba mbili lazima agawanye sawa. Babu yangu alikuwa na wake wawili, akinunua kitenge kimoja amenunua viwili, akichinja kuku bawa moja linakwenda huku, bawa moja kule. Watu walimsifu kwa hilo. Na Ilunga, fundi mzima, alichukua mota nane akazifanya kama mabawa ya kuku! Nne huku, nne kule. Akabadilisha mipango ya kadi ya ubongo, ile inayoongoza mota, ili droni ikubali mikono minne, akabandika skochi, akalala usingizi wake. Droni si kuku, Papa Numbi! Nusu ya droni si droni!

Familia ikaitisha kikao. Mimi nilidhani ataomba msamaha kwa magoti. Wapi! Alisimama na shati la kupigwa pasi akasema: "Nilikosa kuficha. Lakini sikumunyima mutu. Niligawanya." Na baba yake mdogo, mzee wa kikao, akatikisa kichwa kukubali: "Kuficha, ni kosa. Kugawanya, hapana kosa. Alete mbuzi, iishe."

Mbuzi!

Nikasimama. Sikuomba ruhusa. Nikasema: "Bon. Kama ni kugawanya, vidole vya Numbi munavigawanya namna gani? Kimoja kwangu, kimoja kwa Fifi?"

Mama mkwe akatazama sakafu. Nikatoka, nikapita nyumbani kuchukua mtoto na nguo, nikarudi kwa baba yangu.

Wiki iliyofuata Fifi akaja mwenyewe, anatembea kwa shida, na kitu kimefungwa ndani ya kitenge. Zile mota nne, na mirija yangu miwili. "Chukua," akasema. "Siwezi kuziangalia." Sikumwambia asante, sikumtukana pia. Na yeye alidanganywa. Lakini rafiki yangu si yeye.

Watu wananiambia nivichome vile vitu vyote. Sivichomi! Viko ndani ya katoni chini ya kitanda. Droni haikunikosea. Chasi niliichagua vizuri, mirija niliichagua vizuri, mota nilizichagua vizuri. Nilichagua vibaya mahali pengine pawili: mwanaume, na kunyamaza.

Dada zangu, huyo mwanaume pengine hamtamtambua mapema, wanajificha vizuri. Lakini kunyamaza mnaweza kukuacha leo. Unajua kazi yako? Umeinyanyua, mkono umekuambia kitu kimepungua? Sema! Sema mbele ya mama mkwe na sahani yake, mbele ya bibi harusi, mbele ya padri. Wakuite mjuaji, wakuite Enjinia wacheke mpaka wachoke. Simamisha harusi! Ingine itapangwa. Mimi nililinda heshima yangu kwa wakwe asubuhi moja, na hata hiyo heshima sikuipata.

Na wewe baba mwenye nyumba mbili unayesoma hii, usiniletee habari za usawa wako.

Siku hizi Numbi anajifunza kuhesabu. Anakaa kwenye ngazi ya mlango wa baba yangu, anaanza na mkono wa kulia, anagusa kidole kimoja kimoja, kwa sauti kubwa. Moja, mbili, tatu... Anahamia wa kushoto. Anafika nane, anasimama. Anaugeuza ule mkono, anatazama kwa nyuma, anaugeuza tena. Kisha ananiangalia mimi, fundi wa nyumba, ninayejua kila kitu.

"Mama, tisa iko wapi?"