Vipande Vinane vya Kijivu

Nyumbani kwetu Jumamosi ilikuwa siku ya kusugua. Mama ni dobi, na akimaliza mashuka ya wateja huhamia kwenye masufuria, vitasa vya milango na visigino vyetu. "Kitu hakijawa safi mpaka king'ae," alikuwa akisema, na mimi na dada yangu tulishika vitambaa bila ubishi.

Dada alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba. Kompyuta yake ilikalia meza nzima ya chakula, nasi tukala tumepakata sahani. Mwezi ule alikuwa akichora ramani ya zahanati, kazi yake kubwa ya kwanza, na alitakiwa kuikabidhi Ijumaa. Tatizo lilikuwa kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachochora kila tunachokiona kwenye kioo. Kila alipoizungusha ramani, feni za kadi zilipiga kelele kama blenda, na namba ya joto ikapanda hadi themanini na nane.

"Itaniungulia hii," akalalamika.

"Niachie mimi," nikasema. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilishatengeneza pasi ya Mama. Nyumbani waliniita Injinia, na jina hilo nililivaa kama kofia.

Dada akakubali. Nikaichomoa kadi, nikafungua skrubu, nikatoa feni zake mbili zilizochoka. Mahali pake nikafunga feni moja kubwa ya kompyuta mbovu kwa vifungo vya plastiki. Juu ya chipu kubwa ya katikati nilifuta dawa ya kupitisha joto iliyokauka, nikapaka mpya. Mpaka hapo sikukosea.

Lakini kuizunguka chipu hiyo palikuwa na chipu ndogo nane, kila moja imebandikwa kipande laini cha kijivu, chenye vumbi na kunata, kama kifutio cha zamani. Mtoto wa dobi nikaona uchafu. Nikavikwangua vyote vinane, nikavitupa, kisha nikasugua kwa spiriti mpaka chipu zikang'aa.

Tulipowasha, namba ya joto ilisimama kwenye sitini na mbili. Dada alinikumbatia. Mama aliwatangazia wateja wake wote, na mimi nilitembea kifua mbele siku tatu.

Jumanne madoa ya kijani yakaanza kutapakaa kwenye ramani, kisha kompyuta ikaganda. Namba ilikuwa bado sitini na mbili.

"Basi si joto," Dada akasema kwa hasira. "Ni yule Fundi. Mwezi uliopita ameniwekea kisanduku kibovu cha kuilisha kompyuta umeme."

Fundi alikuwa mtengeneza kompyuta wa mtaa wetu, mtu mpole mwenye duka la mlango mmoja. Jioni ile niliazima simu ya Mama nikatazama video ya mtu akisafisha kadi kama yetu. Alipofika kwenye vipande vya kijivu hakuvitupa hivi hivi. Aliweka vipya, kimoja kimoja, akieleza kwamba ndivyo vinavyotoa joto kwenye chipu ndogo na kulipeleka kwenye chuma cha kupozea. Namba tunayoiona, alisema, ni ya chipu kubwa peke yake.

Nikazima simu, nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa zamu yangu. Niliona aibu, huo ndio ukweli. Nililipenda mno lile jina la Injinia.

Alhamisi Fundi, aliyeitwa na Dada, akaja na mkoba wake. Dada hakumkaribisha hata kiti.

"Umeniwekea kitu feki," akamwambia. "Kesho nakabidhi kazi. Nikishindwa, kila mchoraji ninayemjua nitamwambia asikanyage dukani kwako."

Fundi alivua kofia, akaanza kuifikicha. "Dada yangu, kile kilikuwa kipya. Lakini kama kosa ni langu, nitabadilisha bure."

Akapiga magoti, akaanza kufungua skrubu za kitu kisichokuwa na ubaya wowote. Sikuweza kutazama.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo hata ikabidi nirudie. "Ni mimi." Kisha nikaeleza yote.

Dada alinikazia macho. "Umejua tangu lini?"

"Juzi."

Fundi aliitoa kadi, akaigeuza kwenye mwanga, akacheka. "Nimefungua kadi nyingi, lakini iliyong'arishwa hivi sijaona!"

"Hapo na mimi nimo," Mama akasema kutoka mlangoni, pasi mkononi.

Fundi alitoa mkobani karatasi nene ya kijivu akanipa mkasi. Nikakata vipande vinane, naye akanionyesha namna ya kuvilaza. Dada akaizungusha zahanati yake saa nzima, hakikuonekana kidoa. Kesho yake aliikabidhi.

"Feni yako nzuri, iache," Fundi aliniambia Alhamisi ile akifunga mkoba. "Ila ukikuta kitu usichojua kazi yake, uliza kwanza, ndipo utupe."

Dada akamshika mkono, akamwomba msamaha. Mama aliweka pasi chini.

"Mwanangu, kuharibu kitu ukijaribu kusaidia, hilo nimekusamehe. Kung'arisha nilikufundisha mwenyewe. Lakini siku mbili umemwacha mtu abebe lawama yako, wewe unaosha vyombo. Uchafu wa namna hiyo hautoki kwa kusugua. Unatoka kwa kusema, na mapema. Haya, mbebee Fundi mkoba."

Nikaubeba mpaka dukani kwake. Njiani nilimwomba radhi, na safari hii sikuhitaji kurudia.