Doti Kutoka Nangurukuru

Jambo hili lilitokea nyumbani kwetu Kilwa Kivinje, mwaka jana, wiki chache kabla ya Ramadhani. Naliandika kama nilivyoliona. Aliyepatwa ni mdogo wangu Hamida, mtoto wa mama mdogo Esha. Aliyekileta kitu kile nyumbani ni mimi.

Mama mdogo anauza vitu vya kale. Alianza na mitumba ya kawaida, baadaye akagundua kwamba watu wa Dar es Salaam wanavitaka vitu ambavyo sisi tunavitupa: birika za shaba, redio za mbao, taa za chemli, na zaidi ya vyote kanga za zamani, zile nzito za pamba tupu. Anavipiga picha, anavituma WhatsApp, vinaondoka na basi. Mimi ndiye jicho lake. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, mama alipougua na hapakuwa na mwingine wa kumwangalia. Alipofariki nikahamia kwa mama mdogo, na kazi niliyoikuta ni kupekua. Natumbukiza mkono kwenye fungu la nguo, natazama pembeni, na vidole vinaniambia kipi ni cha zamani.

Siku hiyo tulikwenda mnadani Nangurukuru. Optatus, kijana wa Kipatimu, alikuwa ametandika turubai lake karibu na wauza ndoo kama kawaida. Yeye huzunguka vijiji vya milimani akinunua vitu vya nyumba zinazohamwa.

"Dada Naima! Umekuja kunifilisi tena."

"Una nini leo zaidi ya maneno?"

"Pekua. Ila fungu hilo si mtumba wa Ulaya. Huo ni mtumba wa bibi yako."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikazamisha mkono. Chini ya majaketi vidole viligusa kitu cha baridi. Jua lilikuwa kali na turubai lilikuwa linaunguza, lakini kitambaa kile kilikuwa baridi kama ubavu wa mtungi wa maji. Nikakivuta. Kilikuwa doti la kanga, jekundu na jeusi, zito, na jina lake liliandikwa kwa herufi za Kiarabu kama zilivyokuwa kanga za bibi zetu wa zamani. Maandishi yalikuwa yamefifia. Nilijifunza kuzisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilipokuwa mdogo, nikaweza kusoma neno la mwisho tu: wawili.

Nikalinusa. Lilikuwa na harufu kali, tamu kidogo. Niliijua harufu ile, ila sikukumbuka ni ya wapi.

"Limetoka nyumba gani?"

"Ya bibi mmoja. Amekufa hana mtu. Majirani walitoa vitu nje, halafu hakuna aliyekubali kuviingiza kwake. Watu wa milimani bwana, waoga!"

Tuliporudi Kivinje, Bi Kibibi jirani yetu alikuwa barazani kwake. Bi Kibibi ni mwosha maiti. Alimwosha mama yangu, na aliniruhusu nimmiminie maji.

"Shikamoo, Bi Kibibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeninunulia nini?"

"Leo hakuna kitu, bibi."

"Hakuna neno. Wateja wangu mimi hawaangalii nimevaa nini."

Tulipita tukicheka. Laiti ningelifungua lile fuko nililotilia doti pale pale, mbele ya macho yake.

Mama mdogo alitaka kulipiga picha doti siku ileile. Nikamwomba. "Mama mdogo, hili tusiuze. Mimi na Hamida tuvae sare siku ya Idi."

Akaiweka simu chini. "Haya. Tangu mama yako aondoke hujawahi kuniomba kitu."

Kesho yake nilikaa na wembe nilikate. Ndipo nikaona kwamba limeshakatwa. Katikati, pale zinapoachana kanga mbili, palikuwa na mshono mweusi, mwembamba sana, wa mkono. Hilo lilinishangaza. Mtu akishakata doti amekata. Anapinda ncha, anavaa. Sijawahi kuona mtu akaliunga tena.

Nikaanza kufumua. Uzi ulikuwa mgumu na unateleza. Haukukatika. Ulitoka mmoja mmoja, mrefu, na nilipouinua kwenye mwanga nikaona kwamba haukuwa uzi. Zilikuwa nywele. Nyingine nyeusi, nyingine nyeupe, kama za mama anayeanza kuzeeka.

Ningeacha hapo. Lakini nilikuwa nimeshafika nusu. Nikamaliza, nikazikusanya, nikazitupa kwenye jiko la mkaa. Ziliungua kwa muda mrefu kuliko zinavyoungua nywele.

Jumatatu Hamida alirudi shule, akala, akajifunika kanga yake mpya akalala mkekani. Alikuwa darasa la pili, na usingizi wa mchana hakuukosa. Mimi nilikuwa kando yake napinda ncha za kanga yangu. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imemalizika punde.

Akafumbua macho. "Dada, yule bibi mikono yake ya baridi."

"Bibi yupi?"

"Anayeniosha."

Nikamgusa. Upande wake wa kulia ulikuwa umelowa, kuanzia kichwani hadi unyayoni. Upande wa kushoto ulikuwa mkavu. Mama mdogo alitoka jikoni akacheka, "We mtoto! Umejikojolea mpaka kichwani?" Hamida naye akacheka.

Mimi niliutazama mkeka. Chini yake palikuwa pakavu kabisa.

Jumanne nilizifungia kanga zote mbili sandukuni. Ufunguo niliuvaa shingoni. Sikumwambia mtu kwa nini. Hamida alirudi shule amepauka, akawa anasinzia huku kijiko kikiwa mkononi. Mama mdogo akampakata. Adhana ya adhuhuri ilipoanza, mimi nikaenda uani kuanua nguo, sikukaa hata dakika tano. Nikasikia mama mdogo ananiita. Hakupiga kelele. Aliita chini chini, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu.

"Naima. Nani amezileta hizi?"

Kanga zote mbili zilikuwa juu ya mtoto. Zimetandazwa vizuri, ncha kwa ncha, pale pale nilipofumua. Sanduku lilikuwa limefungwa. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

Tukazivuta. Upande wake wa kushoto ulikuwa umelowa. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa nzima. Na ndani ya pua yake palikuwa na kipande cha pamba.

Nilikitoa mwenyewe. Hamida alichelewa sana kuamka. Alipoamka alinong'ona, "Amesema kesho ataniwekea ya kunukia."

Hapo nikaikumbuka harufu ya doti. Ilikuwa kafuri.

Nilimmiminia mama yangu maji, kwa hiyo najua. Anaanzwa upande wa kulia. Kisha wa kushoto. Maji ya mwisho yanatiwa kafuri. Baada ya hapo hakuna kinachobaki isipokuwa sanda.

Bi Kibibi alikuwa amekwenda mazikoni Singino. Alirudi Jumatano asubuhi, na mama mdogo alikuwa anamsubiri mlangoni kwake. Hamida hakwenda shule. Hakuwa na nguvu ya kusimama, na mwili wake ulikuwa wa baridi kila mahali, hata kwapani.

Bi Kibibi alifika kizingitini kwetu akaziona kanga juu ya sanduku. Hakuingia. Sijawahi kumwona mama yule akiogopa kitu, yeye ambaye hukaa na maiti peke yake. Aliushika mlango kwa mikono miwili.

"Nani kalifumua?"

"Mimi, bibi."

"Uzi wake uko wapi?"

"Nimeuchoma."

Mama mdogo akaanza kulia.

"Hili ni la kumstiri maiti anapooshwa," Bi Kibibi alisema taratibu. "Wawili wanashika, mmoja huku, mmoja kule. Nililisikia nikiwa msichana. Mwenye nalo alikuwa mwoshaji huko milimani, na watu walikuwa wanamkimbia hata akiwa hai. Alipokufa wakalishona. Mtu mmoja alijitolea nywele zake ili kazi ifungwe. Wewe umeifungua."

"Kwa hiyo ni nani anayekuja?"

"Mwoshaji. Na mwoshaji hamwachi maiti nusu. Hata mimi siachi."

"Mwanangu si maiti!" mama mdogo alisema.

"Yeye hajui hilo, Esha."

Nikauliza nifanye nini. Alisema lishonwe tena, mshono uleule, kwa nywele, kabla ya adhuhuri. Halafu akanitazama kichwani. Hamida alikuwa amenyolewa kama wanafunzi wote. Mama mdogo nywele zake ni fupi za dawa, zinakatika ukizigusa. Mimi nilipoacha shule nilianza kufuga zangu, zikafika mabegani. Katika yote niliyoyapoteza mwaka ule, hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nimekipata.

"Sikiliza kwanza," Bi Kibibi alisema. "Likifumuliwa siku nyingine, ataanza na mwenye nywele. Zile ulizochoma, mwenyewe ameshazikwa, ndiyo maana mwoshaji amemshika aliyelala chini ya kanga. Wewe uko hai. Unanielewa?"

Nilielewa. Nikaomba mkasi.

Nilianza kushona saa nne. Nywele si kama uzi. Zinakatika, zinateleza kwenye tundu la sindano, fundo halishiki. Nilizisokota mbili mbili. Mama mdogo alimkalisha Hamida mapajani, anampigapiga mashavu, anamwambia, "Niimbie ule wimbo wa shule. Niimbie mama." Hamida aliimba mistari miwili akasahau wa tatu.

Saa sita ikafika. Nilikuwa nimebakiza shubiri moja.

Adhana ikaanza. Hamida akafumba macho.

"Hamida! Hamida!"

Hakuitika. Harufu ya kafuri ikajaa chumbani. Kitambaa kikaanza kulowa mikononi mwangu. Kililowa mshono kwa mshono, kikinifuata.

Halafu kikanyanyuka.

Upande wangu ulikuwa magotini. Upande wa pili, ule usio na mtu, uliinuka juu ya sakafu, ukanyooka, ukakaza. Ulishikwa vizuri. Ulishikwa kama shangazi zangu walivyomshikia mama, kwa heshima, ili asionekane.

Kitambaa kilitulia pale hewani na kunisubiri.

Bi Kibibi alikuwa kizingitini anasoma kwa sauti ndogo. "Usitazame kule," alisema. "Tazama sindano."

Nikatazama sindano. Vikabaki vidole vinne. Vitatu. Unywele ukakatika, nikaweka mwingine. Viwili. Kimoja. Nikafunga fundo, nikaikata ncha kwa meno, na mdomoni nikasikia uchungu wa kafuri.

Kitambaa kikaanguka.

Hamida akapiga chafya. Kipande kingine cha pamba kikamtoka puani. Akasema, "Mama, njaa." Mama mdogo alimkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika anaumizwa.

Bi Kibibi alilichukua doti, akalikunja, akaliweka chini kabisa ya sanduku lake. "Kwangu halitafumuliwa," alisema. Na kwake halikufumuliwa. Siku ya Idi Hamida alivaa gauni la kijani, mimi nilivaa mtandio juu ya kichwa kilichonyolewa, na Bi Kibibi alinitania kwamba nimerudi shule.

Bi Kibibi amefariki mwaka huu. Aliugua siku tatu tu. Ndugu zake walikuja kutoka Lindi, wakakaa mpaka arobaini, wakagawa vitu vyake. Mimi sikuwapo wiki ile, nilikuwa nimepeleka mzigo Songo Songo kwa mteja wetu. Niliporudi na kusikia, nilikimbia hadi kwake na mguu mmoja bila kiatu. Sanduku lilikuwa uani, wazi, linapigwa jua.

"Nguo?" alisema mpwa wake. "Tumegawa, mdogo wangu. Zilizobaki kachukua kijana wa mnadani."

Nikaenda Nangurukuru. Optatus alijikuna kichwa. "Ile kanga nyekundu? Imeshaondoka, dada. Kuna mdada kaipenda sana. Anapenda vitu vya kale kama wewe. Aliniuliza kama mshono wa katikati unafumuka."

"Ni wa wapi?"

"Sikumuuliza. Alipanda basi."

Tangu hapo kila siku ya mnada nakwenda. Napekua mafungu yote, ya Optatus na ya wengine, natafuta kitu cha baridi. Kama unasoma hapa na umenunua doti la zamani, jekundu na jeusi, lenye mshono mweusi katikati, nakuomba usilifumue. Na kama umeshaanza, tafadhali rudisha. Hizo nywele ni zangu.

Juzi adhuhuri nilisinzia nikiwa nimeketi. Nilipoamka, upande wangu wa kulia ulikuwa umelowa.

Jana sikutaka kulala. Sijui nililala saa ngapi. Ulikuwa wa kushoto.

Sasa ni saa tano na nusu. Mama mdogo amekwenda mnadani peke yake, anatafuta. Hamida amekaa mbele yangu mkekani. Nimemwambia anipigie makofi kila nikifumba macho, na anapiga kwa bidii, maana anakumbuka. Vidole vyangu vimekunjamana, kalamu inaniteleza.

Ameacha kupiga makofi sasa hivi. Amesogea karibu yangu, ananusa.

"Dada," ananiuliza, "umejipaka nini?"

Sijajipaka kitu.