Kofia ya Ukuta wa Bibi

Kila alasiri akitoka shule, Thirza alivua viatu na soksi, akaingia kwenye tope jekundu nyuma ya nyumba ya bibi yake. Kazi yake ilikuwa kulikanyaga pamoja na mabua ya ngano mpaka vishikane. Baba alilichota kwa uma wa shamba, akalipandisha ukutani tabaka kwa tabaka. Huko Devon, Uingereza, nyumba za zamani zilijengwa hivyo, na hii ilikuwa imesimama tangu enzi za babu wa babu yake. Ni ukuta wa chumba cha bibi tu uliobomoka, baada ya nyasi za paa kuoza na kuvuja.

"Kanyaga, wee!" bibi Keziah alimtania. "Mbona unadonoadonoa kama kuku?"

Jioni moja baba alimaliza tabaka la juu kabisa. "Thirza, lifunike kwa mabua na turubai kabla ya giza. Likinyeshewa bichi hivi, kazi bure."

"Sawa, Baba."

Lakini wenzake walimwita mtoni kuvua samaki, naye akasahau. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi alikuta juu ya ukuta pamevimba na kupasuka. Akaogopa. Harakaharaka akapachika tope, akalainisha kwa kiganja, na hakuna aliyegundua. Wahenga husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Thirza aliuziba ufa, ila kwa uongo.

Ukuta ulipoonekana kukauka, Bwana Yelland, fundi wa kuezeka, alifika. Yeye na baba wakainua boriti ya kwanza.

"Paa likiisha tu, kitanda changu kinarudi palepale chini ya ukuta," alisema bibi kwa furaha. "Nimechoka kulala jikoni na paka."

Thirza alikitazama kile kipande cha sakafu chini ya ukuta. Akawakimbilia.

"Baba, msiiweke! Ukuta ulinyeshewa. Sikuufunika, nikapaka tope juu."

Baba alishusha boriti, akapanda ngazi na kuchoma kwa sepeto. Likazama kama kijiko kwenye uji.

"Mungu wangu! Tabaka hili lote lingemwangukia mama!" Alikuwa amekasirika kwelikweli. "Unajua tutalikata lote, tulijenge upya, tusubiri likauke?"

"Najua, Baba. Nisamehe." Thirza alilia.

Bwana Yelland alikusanya vifaa vyake, akaenda kuezeka kwingine. Bibi akamvuta mjukuu wake karibu.

"Nyumba ya udongo haina makuu, mjukuu wangu. Inataka viatu vizuri, ndiyo mawe haya ya msingi, na kofia nzuri kichwani. Wewe uliuacha ukuta wangu bila kofia. Hilo ni kosa la mtoto, linasameheka. Kulificha ndiko kungeniua. Siku nyingine ukikosea, sema siku hiyohiyo, udongo ungali mbichi."

"Na utaendelea kulala jikoni, Bibi?"

"Nitalala na paka, nitakoroma, na asubuhi nitaamka. Haya, vua viatu."

Thirza alivua. Jioni hiyo, kabla ya mtu yeyote kumkumbusha, turubai lilikuwa juu ya ukuta.