Hakuna Aliyemuuliza Elinaza

Kila jioni baada ya shule, Lukia alichukua panga na kamba, akapanda kilimani kukata majani ya ng'ombe. Nyumba yao ilikuwa Vudee, huku juu kwenye Milima ya Upare, mahali ambapo mtandao wa simu unatafutwa kwa miguu. Kwa hiyo alibeba pia simu ya mama yake, ile ndogo ya vitufe. Akifika juu, ambapo tambarare ya Same inaonekana yote, aliketi kwenye jiwe na kumpigia kaka yake Elinaza. Elinaza alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha afya huko Moshi, akisomea kazi ya maabara.

Kwapani Lukia alibana kijitabu chenye jalada la kijani. Mjomba wao Nicolaus, mwenye duka la vifaa vya shule mjini Same, ndiye aliyekileta. Kilikuwa mwongozo wa mwanafunzi anayeanza chuo, na kilieleza mambo mengi ya maana: kununua ndoo na kufuli, kupanga ratiba, kuchagua marafiki, kujiepusha na ulevi. Elinaza alikisoma mpaka akakikariri, kisha akamwachia mdogo wake.

"Kaa nacho, mdogo wangu," alimwambia. "Zamu yako ikifika hutapata shida."

Lukia alikuwa darasa la sita tu, lakini alikiamini kijitabu kile kuliko alivyowaamini watu wengi wazima.

Jamani, sisi watu wa huku milimani tunapenda kushauri kuliko kula. Siku ya kumuaga Elinaza, uwanja wa nyumba yao ulijaa wazee. Mmoja alimwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwingine akamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wa tatu akarudia yaleyale ya wa kwanza, kwa sauti kubwa zaidi. Mwisho akasimama baba yake, Mzee Sadock, mtu wa maneno machache na mazito.

"Mwanangu, ukishuka mlima huu usigeuke nyuma," alisema. "Siku utakayorudi, rudi na cheti mkononi."

Elinaza alisimama akajibu, "Nimesikia, Baba." Watu wakapiga makofi. Na kwetu, neno ulilolitamka mbele ya wazee ukiwa umesimama, kulirudisha ni aibu ya ukoo mzima.

Majuma ya kwanza simu zilikuwa za kicheko. Halafu sauti ya Elinaza ikaanza kupungua.

"Lukia, mwalimu anafundisha kwa Kiingereza tena anakwenda mbio," alisema jioni moja. "Wenzangu wanaandika, mimi natazama. Jaribio la kwanza nimeanguka vibaya."

Lukia alifungua kijitabu harakaharaka. "Sura ya nne inasema uamke mapema upitie somo."

"Naamka. Napitia nisichokielewa."

"Inasema utafute kikundi cha kujisomea."

"Nilikwenda. Nikaulizwa swali, nikabaki nimekodoa macho. Sikurudi tena."

"Inasema mwanafunzi wa chuo ni mtu mzima, asiwasumbue wazazi kwa kila jambo."

"Hilo nalifuata," Elinaza alisema.

Baadaye Lukia aligundua kwamba kila alipopiga simu, kaka yake alikuwa chumbani. Alimuuliza kama anaumwa. Elinaza akasema haumwi, ila ameshusha pazia la kitanda, hataki kuonana na mtu. Alikuwa ameacha kuingia darasani.

"Usimwambie Baba wala Mama," alisema. "Niapie."

Lukia aliogopa sana, lakini alimpenda kaka yake. "Haki ya Mungu, sisemi," akaapa.

Tangu siku ile, Lukia naye akawa kama amefungiwa ndani. Usiku wakila makande, baba yake alimuuliza, "Kaka yako anasemaje?" naye akajibu, "Hajambo, Baba, anakusalimu." Mama akatabasamu, Baba akaongeza chumvi kwenye sahani yake, na Lukia akajilazimisha kumeza. Kusema alishindwa kwa sababu aliapa. Kunyamaza nako kulimuuma. Darasani mwalimu alimwita, asisikie. Alikuwa njia panda, na hakuwa na mtu wa kumwambia.

Ijumaa moja Elinaza alipokea simu akiwa anahema. "Jina langu limebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Nisipokwenda kwa mkuu wa idara Jumatatu, pamoja na mzazi, nafutwa chuo."

"Basi mwambie Baba aje."

"Nimwambieje, Lukia? Nilisimama mbele ya wazee wote. Nimeamua. Jumatatu naondoka, nakwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mkonge. Ninyi nyumbani endeleeni kuamini nasoma."

Simu ikakatika. Lukia alikipekua kijitabu ukurasa kwa ukurasa, akitafuta sura ya mwanafunzi aliyeshusha pazia na kutaka kutoroka. Hakuiona. Alifunga mzigo wake wa majani, akateremka huku machozi yakimtoka.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Walikuwa wanakwenda kuziba nyufa za ndiva, yaani bwawa la udongo linalokusanya maji ya kumwagilia mashamba. Kabla ya kazi, mwenyekiti wa ndiva huita kila kaya, na kijana mkubwa asiyekuwepo lazima aelezewe mbele ya watu. Mgonjwa husamehewa. Aliyeko masomoni husamehewa. Mtegaji hutozwa faini, na anatajwa mpaka msaragambo unaofuata.

"Elinaza wa Sadock?" aliita mwenyekiti, Mzee Sifael.

"Yuko chuoni, anasoma," alijibu Mzee Sadock, kifua mbele.

Mzee Sifael alikuwa mtu wa utani, na siku hiyo utani ulimtuma vibaya. "Wewe Sadock hata kushika hiyo simu hujui. Mwenye habari ni huyu binti. Eti Lukia, kaka yako anasoma kweli, au amejificha mahali ili asibebe udongo?"

Watu wakacheka. Lukia aliwatazama watu wote wale waliompigia kaka yake makofi, akamtazama baba yake aliyekuwa anatabasamu.

"Anasoma," akasema.

Kazi ikaanza. Wanaume walichimba udongo, akina mama na watoto wakaupitisha kwa makarai. Karai la tatu lilimponyoka Lukia, udongo ukamwagika miguuni mwa mama yake. Mama akamshika mkono, akamtoa kwenye mstari mpaka kando ya mfereji.

"Una nini?"

"Kichwa, Mama."

"Kichwa hakimfanyi mtoto akimbie makande wiki nzima."

"Nimeapa, Mama."

Mama alichuchumaa, macho yao yakawa sawa. "Ulichoapa sikuulizi. Nakuuliza hivi: mwanangu ni mzima?"

Lukia alitaka kusema ndiyo. Alishindwa. "Si mzima," akasema, akalia kwa kwikwi, na yote yakatoka: jaribio, pazia, ubao wa matangazo, mashamba ya mkonge.

Mama hakumgombeza. Alimwita mumewe pembeni, akamweleza palepale. Mzee Sadock alikunja uso.

"Nilimwambia nini mtoto huyu mbele ya watu?" alifoka.

"Hayo uliyomwambia ndiyo yaliyomfungia, Baba Elinaza," Mama alijibu. "Na mimi nilikuwepo, nikapiga makofi. Wote tulimshauri siku ile, mpaka wasioulizwa. Nani alimuuliza anaogopa nini?"

Mzee Sadock alitazama majembe yanavyopanda na kushuka kule kwenye ndiva. Kisha akavua kofia, akaenda mpaka mbele ya Mzee Sifael, na watu wakaacha kazi.

"Mwenyekiti, nimesema mwanangu anasoma. Nilikuwa sijui," alisema. "Hasomi. Amekwama. Kesho nakwenda kumfuata. Faini yangu niambieni."

Mzee Sifael hakuwa na utani tena. "Mtoto aliyekwama hatozwi faini, Sadock. Nenda kamtoe."

Jumapili alfajiri Mzee Sadock na Lukia waliteremka Same, wakapanda basi la Moshi. Njia nzima midomo ya Mzee Sadock ilikuwa inachezacheza. Lukia aliijua dalili hiyo: baba yake alikuwa anapanga hotuba. Alimwonea huruma kaka yake.

Bweni lilikuwa kimya, wanafunzi wengi wametoka. Mzee Sadock aligonga mlango wa chumba. Kimya. Akagonga tena, na ndani kitanda kikalia kidogo.

"Kaka, ni mimi," Lukia aliita. "Nimesema. Nikasirikie ukitaka, lakini fungua."

Baada ya muda kitasa kikazunguka. Elinaza alikuwa amekonda, shati limemning'inia. Begi lake lilikuwa mlangoni, limeshafungwa. Alipomwona baba yake aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Mzee Sadock aliingia. Alilitazama lile begi. Alilitazama pazia la kitanda lililoshushwa mchana kweupe, akalishika, akalifungua taratibu. Lukia alisubiri hotuba.

"Umekula?" Mzee Sadock aliuliza.

Elinaza akajifunika uso kwa mikono miwili, akalia kama mtoto mdogo. Baba yake akakaa naye kitandani, wala hakumkataza kulia. Baadaye walikwenda kwa mama lishe, na pale mezani Mzee Sadock akawa na kazi moja tu, kuuliza. Lini ulianza kushindwa? Nani ulimwambia? Hapa chuoni unamwogopa nani? Na nyumbani? Elinaza alijibu polepole. Alipofika kwenye siku ya kuagwa alisita, kisha akasema, "Wewe, Baba. Nilikuogopa wewe." Mzee Sadock alilipokea jibu hilo, akamsogezea sahani ya nyama.

Jumatatu mkuu wa idara aliwapokea, akawapeleka kwa mshauri wa wanafunzi, mama mmoja mpole aitwaye Bi. Shamsa. Aliwaeleza kwamba jina litaondolewa ubaoni, mradi Elinaza ahudhurie masomo yote tangu siku ile, arudie jaribio, na aje kila jioni kwenye darasa la Kiingereza la wanaoanza.

"Kumbe kuna darasa la hivyo?" Mzee Sadock alishangaa.

"Lipo, na limejaa," alisema Bi. Shamsa. "Kijana wako alidhani ni yeye peke yake."

Lukia alitoa kijitabu. "Shikamoo, Bi. Shamsa. Ofisi kama hii yako imeandikwa humu, sura ya saba. Kaka aliikariri."

"Marahaba, mwanangu. Nakijua hicho kijitabu, na wala hakidanganyi," Bi. Shamsa alisema. "Wengi wanaokuja hapa wamekisoma. Kinamwambia mtu kwamba ofisi ipo, lakini mtu mwenye aibu hafiki kwa sababu ya maandishi. Anafika kwa sababu kuna mtu amemwona amekonda, akamuuliza, 'Una nini?' Kitabu hakiulizi. Hiyo ni kazi yetu sisi wenye macho na midomo."

Siku ile mchana, Lukia na baba yake wakirudi nyumbani, walishukia Same kusubiri gari la kupanda mlimani. Lukia alikuwa na jambo lililokuwa linamtafuna.

"Baba, niliapa kwa Mungu, nikavunja. Nimekosa?"

Mzee Sadock alifikiri kabla ya kujibu. "Ulikosa ulipotudanganya kwamba hajambo, tena siku nyingi. Hilo usirudie. Lakini kusema hukukosa. Siri ya kumfurahisha mtu itunze, Lukia. Siri inayomla mtu, iseme kwa mkubwa, hata kama uliapa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umewahi kabla hatujaumbuka."

Elinaza alirudia jaribio, akafaulu kwa shida, lakini akafaulu. Alikuja nyumbani likizo ya Krismasi na begi lake la nguo tu, akala makande sahani mbili. Wazee walipoanza kukusanyika uwanjani, kila mmoja na methali yake tayari mdomoni, Mzee Sadock aliinua mkono.

"Leo hatushauri," alisema. "Mwenye swali aulize. Asiye na swali ale."

Walikula wengi. Lakini Mzee Sifael aliuliza, na wengine wawili watatu wakamfuata, na Elinaza akaeleza mpaka jua likazama. Lukia alikaa karibu na baba yake.

"Baba, na mimi nikienda chuo utaniuliza?"

"Nitakuuliza mpaka unichoke," alijibu Mzee Sadock. "Tuanze leo. Wewe unaogopa nini?"

Lukia alifikiri kidogo, kisha akaanza kumwambia.