Dada Aliyebeba Maneno

Kila asubuhi Mwanakhamis alikanda unga wa maandazi nyumbani kwake Malaz, mjini Riyadh. Kila asubuhi simu yake ililia mara mbili. Wa kwanza alikuwa Hamdan, mdogo wake aliyeishi Jeddah. Wa pili alikuwa Hilal, mdogo wake mwingine, aliyeishi upande wa pili wa Riyadh. Ndugu hao wawili walikuwa hawasemezani kwa miaka sita. Kila mmoja alisema na dada yao, na dada akabeba maneno.

Aliyabeba kwa namna yake. Hilal alipotukana, Hamdan alifikishiwa salamu.

Asubuhi hiyo Hamdan alisema, "Dada, mwambie Hilal kwamba namwoza binti yangu Hala Alhamisi ijayo. Akitaka, aje."

Hilal naye akajibu, "Mwambie mimi sina ndugu Jeddah. Alimzika mama bila ya kunisubiri. Halas, basi!"

Mwanakhamis alimwandikia Hamdan: "Hilal amefurahi. Atakuja." Mara akatambua alilofanya. Uwongo huu ungefichuka mbele ya arusi nzima.

Alipanda ghorofa ya juu kwa jirani yake Zeinab, mshauri wa familia katika zahanati moja. Zeinab alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatoa picha kabatini.

"Hii ilichorwa Ulaya karne nyingi zilizopita, pambizoni mwa kitabu," alisema. "Walionakili vitabu kwa mkono walichoka, wakachora vichekesho."

Picha ilionyesha mashujaa wawili waliovaa chuma mwili mzima. Mmoja alivuta masikio ya punda, mwenzake alivuta mkia. Wao wenyewe hawakutazamana.

"Mbona punda anacheka?" Mwanakhamis aliuliza.

"Hacheki, shoga. Amezoea."

Mwanakhamis alicheka hata akajishika mbavu. Ghafla kicheko kikakatika.

"Punda ni mimi," alisema.

"Ni wewe. Na ni mimi pia, kati ya mume wangu na mama yake. Na ni kila mtoto anayeambiwa, 'Mwambie baba yako chakula tayari,' na baba yuko hapo hapo. Wawili wakigombana, humvuta wa tatu. Hasira hupungua kidogo, na kwa sababu hiyo ugomvi hauishi. Wa tatu ndiye anayeumia."

"Sasa nifanyeje?"

"Usichague upande. Wapende wote wawili. Lakini neno la mtu mrudishie: 'Namba yake unayo, mwambie mwenyewe.' Na kama kuna neno ulilolificha, lifichue."

Mwanakhamis aliinamisha kichwa.

"Siku ya msiba nilikuwa Jeddah kwa mama, na Hilal alinipigia akiwa njiani kuja. Alisema, 'Mwambie Hamdan akithubutu kuzika kabla sijafika, ataniona.' Niliogopa wasije wakagombana mbele ya maiti ya mama. Nikamwambia Hamdan, 'Hilal yuko njiani.' Basi. Hamdan hakujua kwamba ameombwa asubiri."

Zeinab alimshika mkono. "Yatakuwa machungu, Mwana. Yaseme hivyo hivyo."

Alasiri hiyo aliwapigia mmoja baada ya mwingine, akawaeleza yote. Hamdan alipouliza kama Hilal atakuja, alimjibu, "Sijui. Muulize mwenyewe."

"Miaka sita, dada," Hilal alisema. Akakata simu.

Alhamisi Hilal alikwenda Jeddah. Mwanakhamis naye alikuwa arusini, ukumbi wa wanawake. Hala, akiwa na hina mikononi, ndiye aliyemnong'oneza: "Shangazi, baba na ami Hilal wamekwenda makaburini pamoja asubuhi. Wamerudi macho mekundu." Wao wenyewe hawakumwambia neno. Aliporudi Riyadh, hawakumuaga.

Siku tisa simu haikulia. Mara nyingi alitaka kumpigia mmoja ili amuulizie habari za mwenzake. Kila mara aliiweka simu chini, akaendelea na unga wake.

Siku ya kumi Hilal alipiga.

"Dada."

"Labeka. Nimwambie nini Hamdan?"

"Sina neno kwa Hamdan. Nimesema naye jana. Nakuuliza wewe. Hujambo?"

Mwanakhamis aliacha kukanda unga. Alizoea kusema kwa niaba ya watu wawili. Kwa niaba yake mwenyewe hakuzoea.

"Nimechoka, Hilal," alisema mwishowe. "Na namkumbuka mama."

"Hata mimi, dada. Nieleze siku yake ya mwisho ilivyokuwa."

Mwanakhamis alikaa kitako, machozi yakimtiririka. Akamweleza, bila ya kupunguza neno wala kuongeza.