Picha ya Uani kwa Anatoli

“Wazee hawaji tena Jumapili. Umeonekana gesti kwa Anatoli, umeingia asubuhi ukatoka jioni. Siwezi kuoa mwanamke wa gesti.”

Elina aliisoma meseji hiyo Jumanne, akiwa amesimama mlangoni mwa saluni akimsubiri mwenye saluni amalize kumsuka mteja. Akaisoma tena. Halafu akampigia Masalu, mchumba wake wa miaka miwili.

“Nani ameniona?”

“Watu.”

“Watu gani? Hawana majina?”

“Bariadi ni ndogo, Elina. Watu wameona.”

“Na hao watu hawakuona kwamba napiga picha? Masalu, kazi yangu unaijua.”

“Kazi gani ya kuingia kwa wanaume mlango kwa mlango?”

Masalu akakata simu.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: Elina aliwatengenezea wenye biashara ndogo tovuti za kufunguka kwenye simu. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga, fundi cherehani, muuza dawa za pamba, wote aliwafuata mmoja mmoja na simu yake ya tachi, akiwaonyesha jinsi mtu wa Mwanza anavyoweza kuona mali yao kabla hajapanda basi. Wengine walimcheka. Mmoja alimwambia picha ya duka lake ikienda hewani, wenye kijicho wataifanyia kazi. Aliyavumilia yote, maana soko huria limekuja na kila mtu anauza anachoweza, na yeye alichoweza ni hicho.

Sasa hebu niambieni. Mwanamume akilala kwa Anatoli na asiye mkewe anaitwa msafiri. Elina aliyeingia mchana kweupe kupiga picha mashuka na mabeseni anaitwa malaya. Haki ya wapi hiyo?

Kilichomuuma zaidi ni kwamba Jumatatu, siku hiyo hiyo aliyokuwa kwa Anatoli, Masalu alikuwa amemtumia meseji tamu: “Niko Lingeka zizini kuchagua ng’ombe wa mahari yako, mtandao unasumbua.” Elina alishinda siku nzima akitabasamu peke yake kwenye vyumba vya watu.

Kufikia Ijumaa neno lilikuwa limefika sokoni. Mama Masalu, muuza mchele, alilisema mbele ya wenzake bila kupunguza sauti, kwamba mwanawe ameponea chupuchupu. Mwenye saluni akamwambia Elina asije kwanza, mume wake hataki. Fundi cherehani akaacha kupokea simu. Ndoa ilikuwa inamponyoka, na riziki nayo inaifuata.

Jumapili alasiri Mama Masalu alifika nyumbani kwa mzee Magese, baba yake Elina, kuvunja uchumba. Masalu ndiye aliyemleta kwa pikipiki, ila hakuingia. Alibaki getini akichezea simu.

“Mwadila,” mama alisalimia kwa Kisukuma. Akaketi, na maji aliyopewa hakuyagusa. Akasema ng’ombe wao watabaki zizini kwao, kwa sababu ukoo wao hauoi aibu.

Mzee Magese aliinamisha kichwa. Elina alipomwona baba yake ameinama namna ile kwa jambo ambalo hata halikutendeka, woga ukamtoka.

“Mayu,” alimwita kwa heshima ya mama, “umenisema soko zima bila kuniuliza. Leo niulize.”

“Nikuulize nini? Ulikuwa gesti au hukuwa?”

“Nilikuwa. Nilishinda huko Jumatatu nzima. Na nilichokuwa nafanya ni hiki.”

Akafungua tovuti ya Anatoli na kumpa simu. Mama Masalu aliishika mbali na macho, akafundishwa kupangusa kwa kidole. Vikapita vitanda, jiko, choo, meza za chakula. Chumba kimoja tu kilikosekana, cha mwisho. Elina alieleza kwamba kilikuwa na mgeni, Anatoli akagonga mara kadhaa, na mgeni hakufungua mpaka wanaondoka. Mama alianza kusahau hasira zake. Alisema hakujua kwa Anatoli ni pasafi hivyo. Kisha ikaja picha ya uani.

“Hii ikuze,” alisema.

Elina akaikuza. Palikuwa na kamba ya nguo, pipa la maji, na pikipiki iliyoegeshwa chini ya dirisha la chumba kile cha mwisho. Siti yake ilikuwa na kava la kufuma kwa uzi wa kijani, pembe moja ya bluu.

Mama Masalu akanyanyuka na simu mkononi, akatoka hadi getini. Elina na baba yake wakamfuata.

“Masalu, Jumatatu ulikuwa wapi?”

“Lingeka, mayu. Si nilikwambia? Kwenye ng’ombe.”

“Na pikipiki ulimwachia nani?”

“Nimwachie nani? Nilikwenda nayo.”

Mama akamwekea simu usoni, mkono mwingine akaushika kwenye siti.

“Uzi wa kijani uliniishia, pembe hii nikamalizia na bluu. Kava kama hili halipo jingine Simiyu nzima. Siku hizi ng’ombe wanafugwa gesti?”

Masalu akanyoosha mkono kuichukua simu, mama akairudisha nyuma.

“Kumbe hao watu ni wewe,” Elina alisema polepole. “Ulikuwa nyuma ya pazia na mwanamke wako, unanichungulia natafuta riziki. Ukaogopa nimekuona, ukawahi kunipaka matope mimi.”

“Ilikuwa mara moja tu, Elina. Tuyamalize sisi wawili. Ifute kwanza hiyo picha.”

“Hata sasa unaililia picha. Ni ya Anatoli, kamwombe yeye.”

Mama Masalu alifungua kamba za lile kava, akalivua kwenye siti, akalikunja na kulitia kwapani. Machozi yalikuwa yanamtoka alipomgeukia Elina.

“Mwanangu, nimekukosea. Nisamehe.”

“Nimesikia, mayu. Lakini hukunitukania hapa. Ulinitukania sokoni.”

Mama aliitikia kwa kichwa, akaondoka kwa miguu. Kesho yake asubuhi, kabla hajafungua hata gunia moja, alisimama katikati ya wauza mchele akawaambia kwamba yule binti alikwenda gesti kufanya kazi, na aliyekwenda kwa uhuni ni mtoto aliyemzaa yeye. Waliochelewa kufika aliwarudia. Mchana mwenye saluni akapiga simu kana kwamba hakuna kilichotokea. Elina alimjibu kwamba atapita akipata nafasi.

Jioni ikaingia meseji ya Masalu: “Mama hanisemeshi. Nisamehe mpenzi wangu. Nije lini tuongee?”

Elina akaandika jibu, akalituma, na namba akaifuta.

“Niko Lingeka, mtandao unasumbua.”