Sangari Katika Matuta ya Abrahamu

Abrahamu wa Makambako alikuwa mume mwema, ila mbishi kupita kiasi. Mkewe Tabea alimpenda hivyo hivyo. Asubuhi walishuka shambani pamoja, mtoto wao Fidelia mgongoni kwa mama. Jioni waliota moto jikoni, wakitaniana nani kachoka zaidi.

Lakini shamba lao la viazi lilijaa sangari, nyasi yenye mizizi mirefu myeupe inayotambaa chini ya udongo. Abrahamu aliikatakata kwa jembe, kisha akaifukia ndani ya matuta, kama baba yake alivyofukia majani. Kila mwaka sangari iliongezeka. Mizizi yake ilitoboa hata viazi.

"Mama Fidelia," alisema siku moja, "shamba likitushinda tena, nitapanda lori niende kukata mkonge Tanga."

Kaka yake Tabea aliwahi kupanda lori kama hilo, na mpaka leo hajarudi. Hofu ilimshika.

Kesho yake alimweleza jirani yao, Mama Oktavia, aliyewahi kulima bustani ya misheni. Mama Oktavia alikuja na jembe lake la meno manne. Alifukua tuta moja, akatoa kipande cha mzizi kifupi kama kidole.

"Kamwene, Baba Fidelia," alimsalimu Abrahamu. "Hiki ni nini?"

"Kamwene, Mama. Hiyo ni mbolea."

"Mbolea gani inachipua? Tazama, kila fundo lina chipukizi. Ukiukata mzizi vipande vitano, umepanda sangari tano."

"Lakini baba alifukia majani miaka yote."

"Alifukia majani yanayooza, na alifanya vizuri. Hii haiozi. Wewe huiui, unailea."

Abrahamu hakukubali. Ndiyo kawaida yake. Basi Mama Oktavia alikifukia kile kipande katika chungu kibovu, akamwambia Tabea akimwagilie maji. Baada ya siku chache jani la kijani lilichomoza. Abrahamu alilitazama, akakuna kichwa.

"Kumbe mimi ni mkulima hodari wa sangari," alisema.

Tabea alicheka mpaka mtoto akaamka. Kisha akasema polepole, "Basi usiende kwanza. Nipe misimu miwili."

Mama Oktavia akawaonyesha kazi. "Limeni wakati wa kiangazi. Chomekeni meno chini kabisa, muinue udongo bila kukata mizizi. Vuteni mzizi mzima, mkung'ute. Msiutupe mpakani, utarudi. Uanikeni juu ya mwamba ukauke, kisha muuchome mbali na nyasi kavu. Anzeni na sehemu ndogo mnayoiweza. Mvua ikija, pandeni maharage na maboga karibu karibu, maana sangari haipendi kivuli. Likichomoza jani, ling'oeni na mzizi wake."

Kazi ilikuwa nzito, sitawadanganya. Mikono ilitoka malengelenge. Msimu wa kwanza walisafisha sehemu ya juu tu, wakapanda maharage na maboga. Msimu wa pili wakapanda viazi pale pale.

Siku ya kuvuna, lori la mkonge lilipita barabarani. Vijana waliokuwa ndani walimwita Abrahamu. Tabea aliacha kuchimba.

"Nendeni salama," Abrahamu aliwajibu. "Mimi sehemu ya chini sijaisafisha."

Akainama, akaokota kiazi, akakigeuza huku na huku akitafuta tundu. Hakuliona. Akampa mkewe. Tabea alikishika kwa mikono miwili, machozi ya furaha yakamtoka.

"Sasa unalia nini, Mama Fidelia?"

"Wewe chimba," alisema Tabea. "Mtoto ana njaa."